Beringi za Njia ya Mugumu

Kudra binti Jumaa alipoajiriwa ukarani katika kampuni ya malori pale Tarime, kilichomsumbua mwanzoni hakikuwa kazi. Ilikuwa baridi. Alikulia Mugumu, kwa baba yake Mzee Jumaa, fundi cherehani aliyewashonea watu wa Morotonga kanzu na sare za shule, na ingawa Mugumu nako kuna asubuhi za kutetemeka, hakuwahi kuandika huku vidole vimekufa ganzi. Aliyemwokoa ni Veronika, mama mwenye nyumba aliyempangisha chumba huko Nkende. Veronika alimkalisha uani, akampa sindano mbili ndefu na bunda la uzi wa sufu.

"Fuma, mwanangu," akamwambia. "Hapa kwetu msichana asiyejua kufuma huolewa haraka, apate wa kumpasha joto."

Kudra akacheka, akafuma. Sweta la kwanza lilitoka mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, akalivaa hivyo hivyo kazini.

Mume wa Veronika aliitwa Kisyeri, naye alikuwa mtunza stoo wa kampuni ile ile. Kwa hiyo Kudra aliishi kwa Kisyeri, alifanya kazi na Kisyeri, na jioni alikula ugali wa mtama na muhogo mezani kwa Kisyeri. Hakumwita kwa jina. Alimwita tata, kama wanawe mwenyewe walivyomwita baba yao kwa Kikurya. Alikuwa mtu mrefu wa Nyarero, mkimya, mwenye koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote hata wakati wa jua. Dereva akija kuomba kipuri, Kisyeri aliuliza neno moja: "Kilichokufa?" Kama hukurudisha kipuri kilichokufa, hukupata kizima. Vilivyokufa alivitupa kwenye pipa nyuma ya stoo, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Hiyo ndiyo miaka ambayo sabuni ilipatikana kwa foleni na chumvi kwa kumjua mtu. Kampuni ilikuwa mali ya umma. Malori yake yalibeba mahindi, kahawa na muhogo kutoka vijijini, yakarudisha saruji, mbegu na mbolea. Lori likilala njiani kwa kukosa kipuri, kijiji kizima kililala nalo. Mahindi yalikaa nje yakisubiri, mvua ikaja, yakaota yakiwa ndani ya magunia.

Meneja aliitwa Benedicto, kijana bado, mwenyeji wa Bukoba. Alikuwa amepelekwa kusomea uongozi wa mashirika, na aliporudi alishuka kwenye basi amebeba katoni kubwa iliyofungwa kwa kamba ya katani. Wafanyakazi walidhani ni sukari. Alipoifungua ofisini zikatoka kadi, mamia ya kadi ngumu za rangi ya maziwa, zimetobolewa matundu madogo kuzunguka kingo zote nne.

"Ndugu Kudra," akasema huku akizipanga mezani kwa furaha, "wakubwa Dar es Salaam wana kompyuta inayojaza chumba kizima. Sisi tuna hii."

Akamwonyesha. Kila safari ya lori ilipewa kadi yake. Kila tundu lilikuwa na maana: hili njia ya Mugumu, lile njia ya Sirari, hili gari la dereva fulani, hili gari limekwenda tupu, lile limeharibika springi, hili beringi. Jambo likitokea, karani alikata ukingo wa tundu kwa mkasi mpaka likawa wazi kama mdomo. Katikati ya kadi aliandika kwa kalamu tarehe na yaliyotokea safarini. Ukitaka kujua safari zote za Mugumu, ulikusanya kadi pamoja, ukapitisha sindano ndefu katika tundu la Mugumu, ukainua na kutikisa. Zilizokatwa zilidondoka mezani, nyingine zikabaki zinaning'inia.

Tatizo lilikuwa moja. Sindano yenyewe ilipotea safarini. Benedicto alipekua katoni mara mbili, akakaa chini amekata tamaa. Kudra akafungua mkoba wake, akachomoa sindano ya kufumia.

"Hii je?"

Ilipita kana kwamba ilitengenezwa kwa kazi hiyo.

Tangu siku hiyo wale wawili wakawa kama watoto waliopata mchezo mpya. Kadi za kwanza ziliwaonyesha jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yao muda wote: malori yalirudi tupu kutoka Mugumu siku za Jumanne, na siku iliyofuata lori jingine lilitumwa tupu kwenda kuchukua mahindi ya Morotonga, huko huko Mugumu. Wakaunganisha safari hizo mbili ikawa moja. Dizeli iliyookolewa ilitosha kupeleka mbolea Nyarero kabla ya watu kupanda. Benedicto alimsifu Kudra mbele ya wafanyakazi wote, na Kisyeri, ambaye hakuwa na desturi ya kusifu, alisema jioni ile akimega ugali, "Hizo kadi zina akili." Veronika alimtazama mumewe kwa mshangao. Ilikuwa sentensi ndefu kwake.

Basi Kudra alipoombwa kuandika taarifa ya vipuri, aliiandika kwa moyo mmoja. Akapitisha sindano, akatikisa, akahesabu zilizodondoka. Beringi za magurudumu zilikuwa zikiisha stoo kupita kiasi. Kiwanda kilichotengeneza malori kilisema beringi hudumu miaka. Zao zilikufa baada ya miezi. Aliandika hivyo hivyo, bila kuongeza neno, Benedicto akatia sahihi, taarifa ikaenda Musoma.

Mwaka ule, ule wa themanini na tatu, ndio mwaka ambao nchi nzima ilikuwa ikiwasaka wahujumu uchumi. Watu waliokuwa na katoni ya sabuni chini ya kitanda waliitupa mtoni usiku. Tarime iko karibu na mpaka, na kila aliyekuwa na kitu alishukiwa kuwa amekipitisha Sirari au yuko mbioni kukipitisha. Taarifa ya Kudra ilisomwa na watu ambao hawakujua kijito cha Maji Baridi kwenye njia ya Mugumu kiko wapi, wala habu, kile kitovu cha gurudumu la lori kinachokaa beringi, inafananaje. Walichosoma ni kwamba beringi, bidhaa adimu iliyonunuliwa kwa fedha za kigeni, zinatoka stoo kwa wingi usio wa kawaida. Wakauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: ufunguo wa stoo anao nani?

Walikuja asubuhi, gari moja, kamati ya watu wachache na askari wawili. Mwenyekiti wa kamati aliitwa Nikolaus, mtu mzima mwenye sauti ya upole iliyowatisha watu kuliko makelele. Akaomba kuonyeshwa stoo. Akaona pipa. Akainamia ndani, akatoa beringi moja yenye kutu, akaigeuza.

"Hizi zimetoka kwenye magari ya kampuni?"

"Ndiyo," Kisyeri akasema.

"Au zimeokotwa kwenye vyuma chakavu huko Kenya, ili hesabu itimie?"

Kisyeri alikuwa mtu asiyejua kujitetea. Alivua rundo la funguo shingoni, akaangaza macho akitafuta wa kumpa, akamkuta Kudra amesimama mlangoni na sweta lake la mikono isiyolingana.

"Shika," akamwambia. "Grisi ikija, isikae juani."

Wakaondoka naye.

Jioni Kudra alirudi Nkende miguu mizito. Veronika alikuwa ameketi uani, jiko limezimika. Hakuwa analia. Alimtazama Kudra tangu alipoingia mpaka alipokaa.

"Mwanangu. Wanasema iliandikwa taarifa."

"Ndiyo, mama."

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi."

"Uliandika kwamba mume wangu ni mwizi?"

"Hapana, mama! Niliandika idadi. Idadi tu. Beringi zilizotoka ni kiasi gani. Sikuandika jina la mtu."

Veronika akatikisa kichwa polepole. "Basi idadi imemtafuta mtu yenyewe, imempata." Kisha akasema bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Kudra zaidi: "Njoo uwashe jiko. Watoto hawajala."

Asubuhi Kudra alimkuta Benedicto ofisini kabla ya saa ya kazi, hajanyoa, kadi zote zimemwagwa mezani. Yeye naye alikuwa na hofu, maana sahihi ilikuwa yake.

"Ndugu meneja, tata Kisyeri hakuiba."

"Najua hakuiba. Lakini sitaulizwa ninachokijua moyoni." Akasugua macho. "Tulikosa kitu kimoja, Kudra. Tuliuliza beringi ngapi. Hatukuuliza wapi. Hatukuuliza lini, wala gari la nani. Kule chuoni walitusisitiza kwamba idadi ni mwanzo wa swali, sisi tukaifanya jibu."

Kudra alivuta kiti, akachukua sindano. Akaipitisha kwenye tundu la beringi, zikadondoka zote, rundo la kutisha. Akalichukua rundo hilo peke yake, akaligonga mezani likalingana, akapitisha sindano kwenye tundu la njia ya Mugumu. Akainua.

Karibu zote zilidondoka. Kwenye sindano zilibaki kadi chache tu, zinayumba.

Benedicto akasimama. "Njia ya Sirari hakuna?"

"Karibu hakuna. Na barabara ya Sirari ni mbaya vile vile."

"Endelea. Jaribu kwa magari."

Akajaribu gari moja moja. La Selestine, zikadondoka nyingi. La Nikodemo, nyingi. Kila gari lililokwenda Mugumu lilikuwa na sehemu yake ya msiba, isipokuwa moja. Alipopitisha sindano kwenye tundu la gari la Mzee Bushiri, akainua, akatikisa, hakikudondoka kitu. Akatikisa tena kwa nguvu. Hakuna. Na gari la Mzee Bushiri ndilo lililokuwa kongwe kuliko yote, lina mlango mmoja uliofungwa kwa waya.

Wakamwita Kornelio, fundi mkuu wa gereji. Alikuja anajifuta mikono kwa tambara.

"Beringi za njia ya Mugumu?" akasema. "Zile nazijua. Ukifungua habu, grisi imekuwa nyeupe kama maziwa mgando. Maji yameingia. Nimewaambia madereva wasioshe magari mtoni, wananiapia hawaoshi."

"Maji yanaingia wapi?"

"Labda Maji Baridi. Lakini hata Bushiri anapita hapo hapo. Hakuna njia nyingine."

Maji Baridi ni kijito kinachokatiza barabara mbele ya Nyarero, chini ya mteremko mrefu. Hapakuwa na daraja, palikuwa na drifti, sakafu ya zege iliyolazwa chini ya maji ili gari lipite juu yake, na maji hufika nusu ya gurudumu. Selestine, aliyekuwa akisikiliza dirishani, akapaza sauti: "Mzee Bushiri ana dawa yake bwana! Sisi wengine tutapata wapi?" Alicheka, lakini hakuna aliyemfuata.

Kudra akaomba ruhusa ya kusafiri na Mzee Bushiri safari inayofuata. Benedicto akampa bila kuuliza.

Mzee Bushiri alikuwa mtu wa Pangani aliyefika Mara kikazi ujanani, akaoa Mugumu, akasahau kurudi. Alimjua Kudra tangu akiwa mtoto dukani kwa baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Panda, lakini huo mlango usiuegemee. Umeshikwa na waya na rehema za Mungu."

Walikuwa na shehena ya saruji. Waliondoka jua limeshapanda, wakapita Nyarero, na baada ya hapo barabara ikaanza kuteremka. Kudra hakuwahi kuutazama mteremko ule kwa makini, siku zote aliupita akiwa amesinzia. Sasa aliona Mzee Bushiri anavyokanyaga breki, anaachia, anakanyaga tena, lori linaugua chini ya mzigo. Harufu ya breki iliyoungua ikaingia ndani ya gari mpaka machozi yakamtoka.

Walipofika chini, hatua chache kabla ya maji, Mzee Bushiri akaegesha pembeni na kuzima injini.

"Kuna nini, baba?"

"Hakuna kitu. Adhuhuri hiyo. Hunikuta hapa hapa kila safari, kwenda na kurudi, na maji ya kutawadha yapo." Akateremka na mkeka wake mdogo.

Kudra naye akateremka. Kabla ya kwenda mtoni alinyoosha mkono kwenye katikati ya gurudumu la mbele, akaurudisha haraka. Lilikuwa la moto kama sufuria iliyotoka mekoni. Akaenda, akatawadha kwenye maji ambayo kweli yalikuwa baridi ya kuumiza mifupa, akasali nyuma kidogo ya mzee. Walipomaliza, Mzee Bushiri hakuwa na haraka. Alitoa kiporo cha viazi, wakala, akaeleza habari za Pangani ambazo Kudra alishazisikia tangu utotoni.

Ndipo waliposikia lori jingine likiteremka. Lilikuwa la Selestine. Halikusimama. Selestine alipiga honi, akapunga mkono, akaingia majini moja kwa moja. Na magurudumu yalipogusa maji, Kudra akasikia: *chaaa*, sauti ya chuma cha moto kilichotumbukizwa, na mvuke mweupe ukafuka pande zote mbili za gari. Dakika iliyofuata Selestine alikuwa ng'ambo anapanda mlima, mvuke unamfuata.

Kudra akasimama, kiazi mkononi. Akaenda kwenye gurudumu la gari lao, akaweka kiganja. Lilikuwa vuguvugu tu. Akakiacha kiganja pale pale.

"Baba Bushiri," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba gari lisipopumzika hapa linakufa beringi."

Mzee akamtazama, kisha akatazama gurudumu. "Wallahi sikujua, mwanangu. Mimi nasimama kwa ajili ya kusali. Kumbe na gari nalo lilikuwa linapata fungu lake."

Siku aliyorudi Tarime, Kudra alikwenda gereji moja kwa moja kabla hajapita nyumbani. Kornelio alimsikiliza mpaka mwisho, akajipiga paji la uso.

"Hewa," akasema. "Hewa iliyo ndani ya habu! Ikipata moto inavimba, inatoka nje kidogo kidogo. Ukiitumbukiza ghafla kwenye baridi inanywea, inavuta chochote kilicho nje. Na nje kuna maji. Ule mpira wa kuziba haukutengenezwa kuzuia kitu kinachovutwa hivyo. Ee mura, mimi fundi wa miaka yote hii nimekaa nafoka kuhusu kuosha magari!"

"Kamati itaamini?" Kudra akauliza.

"Kwa maneno, hapana." Akatafakari. "Leteni pipa la maji."

Benedicto aliwaandikia kamati kwamba ana jambo la kuonyesha. Alikuwa na hakika nusu tu kwamba watakuja, lakini walikuja. Nikolaus alikaa kwenye benchi la gereji, akakunja mikono. Kwanza alitaka kadi. Akaeleweshwa jinsi ya kuzisoma, akachagua mwenyewe chache bila kuangalia, akaziweka mfukoni. Akatoka nje akamwita dereva mmoja mmoja, akimuuliza kwa sauti ile ile ya upole: ni wapi lilikufa gari lako wakati ule, nani alikusaidia, ulilala kwa nani. Selestine alisema alilala kwa mwalimu wa shule ya Nyarero na kumlipa kwa kumsombea kuni. Nikodemo akasema utingo wake alirudi Tarime na baiskeli kufuata beringi. Kila walichosema, Nikolaus alikilinganisha na kadi iliyo mkononi mwake, anaguna, anaendelea.

Kisha Kornelio akaleta habu mbili, zimejazwa grisi mpya, zimefungwa kama zilivyofungwa kwenye magari. Akazipasha zote mbili kwenye makaa mpaka zikawa za moto wa breki. Moja akaichukua kwa koleo, akaitumbukiza papo hapo kwenye pipa. *Chaaa.* Ya pili akaiweka juu ya jiwe, wakasubiri. Kudra alisimama karibu na ukuta, amekamata rundo la funguo za stoo ndani ya mfuko wa gauni mpaka zikamwachia alama kiganjani. Ilipopoa, Kornelio akaitumbukiza nayo, kwa muda ule ule.

Akazifungua mbele yao.

Ya pili grisi yake ilikuwa safi, ya rangi ya asali. Ya kwanza, alipoinamisha, yalitiririka maji, na grisi iliyofuata ilikuwa nyeupe, inateleza kama uji.

Nikolaus akaondoka kwenye benchi. Akachovya kidole kwenye grisi nyeupe, akakisugua, akanusa.

"Rudia," akasema.

Kornelio akarudia, na habu nyingine. Ikawa vile vile.

Nikolaus akajifuta kidole kwenye tambara la fundi. Kisha akauliza swali la mwisho, akimtazama Kudra: "Wewe ndiye uliyeandika ile taarifa ya kwanza?"

"Ndiyo, ndugu mwenyekiti."

"Haikuwa na uongo."

"Haikuwa na uongo. Ila haikuwa imefika mwisho."

"Basi andika iliyofika mwisho. Nitaisubiri hapa hapa."

Akakaa tena kwenye benchi, akaagiza chai.

Kisyeri aliachiwa mwishoni mwa juma lile, saa za mchana. Hakuna aliyemletea habari Veronika kabla. Alikuwa uani anapepeta mtama, Kudra kando yake anavuta uzi, walipoliona koti la kijivu likija na njia, vifungo vyote vimefungwa. Ungo ulimwanguka Veronika, mtama ukamwagika, kuku wakaja mbio. Hakuna aliyewafukuza. Veronika alimshika mumewe mabega, akamgeuza huku na huku kama anayekagua nguo, kisha akaegemeza kichwa kifuani mwake na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu achukuliwe, akalia kwa sauti.

Kudra alisimama, hajui aweke wapi mikono. Alikuwa amejiandalia maneno ya kumwomba radhi, mengi, ameyapanga siku zote zile. Kisyeri akamwahi.

"Funguo ziko wapi?"

"Hizi hapa, tata."

"Grisi imekuja?"

"Imekuja. Haijakaa juani."

Kisyeri akaitikia kwa kichwa, akazivaa shingoni. Kisha kitu kikampata usoni ambacho Kudra hakuwahi kukiona: tabasamu, pana, lenye pengo upande mmoja. "Wameniambia habari za kadi," akasema. "Wote mle ndani nimewaeleza. Nimewaambia, huyo ni binti anayekaa kwangu."

Maneno yote aliyoyaandaa Kudra yakayeyuka. Akakaa chini pale pale penye mtama na kuku, akacheka na kulia kwa pamoja, na Veronika akacheka kwa kumwona, na watoto wakatoka ndani kuuliza kuna nini.

Baada ya hapo kampuni ikaweka amri: kila lori linaloteremka Maji Baridi lisimame mpaka dereva aweze kuweka kiganja kwenye habu na kukiacha hapo. Madereva walinung'unika. Selestine alinung'unika kuliko wote, mpaka mama mmoja wa jirani aitwaye Kezia alipoona magari yanasimama, akaja na birika la chai na maandazi. Tangu siku hiyo Selestine akawa anasimama muda mrefu kuliko amri ilivyotaka, na Benedicto ikambidi aanzishe tundu jipya kwenye kadi kwa ajili ya chai ya Kezia. Beringi zilikaa stoo zikapata vumbi. Mahindi ya Morotonga msimu ule yalitoka yote kabla ya mvua za masika, na yaliyofika kiwanda cha kusagia unga hayakuwa yameota hata gunia moja.

Kudra alipopata likizo ya Idi alipanda lori la Nikodemo kwenda kwa baba yake. Walisimama Maji Baridi, wakanywa chai, Nikodemo akaweka kiganja kwenye gurudumu na kuitikia kwa kichwa. Wakavuka. Maji hayakutoa sauti yoyote zaidi ya sauti ya maji. Kudra alikuwa amepanga kutazama njia nzima mpaka Mugumu, lakini walipoanza kupanda mlima wa pili macho yakawa mazito, akaegemea dirisha. Alipoamka, Mzee Jumaa alikuwa amesimama nje ya mlango wa gari, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni, anagonga kioo kwa kidole.

"Binti yangu," alikuwa akisema, "umefika. Amka, umefika."